Muke Wangu Amekataa Kupeleka Maneno ya Vitabu kwa Mama Yake

Mama Mukuka mupendwa,

Nakusalimu wewe unayejibu shida za watu gazetini, kutoka Nchelenge, upande huu wa ziwa, na kabla sijasema shida yangu nakuomba usicheke, kwa sababu mushenga wangu Kingsley nilipomueleza alicheka mpaka akashika muti asianguke, na mutu akicheka namna ile hawezi tena kutoa shauri.

Jina langu ni Jairos, nimeoa, muke wangu anaitwa Mwewa, na kwa desturi ya hapa kwetu mwanaume akioa anakaa kwanza kwa wakwe akiwafanyia kazi, mimi nashona nyavu za baba mukwe, muzee Davison, ambaye ni muvuvi na tena muzee wa kanisa, na muda huo wote siruhusiwi kusema na mama mukwe wala kumutazama usoni wala kula mbele yake, tukikutana njiani mimi naingia majani mpaka apite, hadi siku wakwe watakapopika vyakula vya kila namna na kuniita ndani, ndiyo tunaita kuingishwa, na baada ya hapo mutu yuko huru, anawasalimu kwa kinywa chake mwenyewe, anachukua muke wake na kwenda kwake. Nyumba yangu nimekwisha kuijenga Kafutuma, imeezekwa, ina mulango wa mbao, na wanaokaa ndani ni mijusi tu.

Alor, sikia. Zamani nilifanya kazi Kasenga kwa Mugiriki mumoja mununuzi wa samaki, ndipo nilipojua kusoma vizuri, Kiswahili na Kingereza kidogo, nikashikwa na ugonjwa wa hadithi ndefu za kutungwa, zile za kitabu kizima, na rafiki yangu Lackson, dereva wa kamio ya samaki, ananiletea kila anaporudi kutoka Elisabethville. Alasiri nikichoka kushona nyavu nasoma kwa sauti, maana kusoma kimya naona ni kama kula peke yangu. Upande wa pili wa ukuta wa matete anakaa mama mukwe, watu wanamuita Bana Mwewa, yaani mama yake Mwewa, samaki wake wako juu ya uchanja, moshi unafanya kazi yake na yeye anasikiliza. Kiswahili anakijua, ameuzia Wakongomani samaki tangu mimi sijazaliwa.

Nilianza na kitabu cha mupelelezi, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu nilikuwa bado mwanzo kabisa, tajiri mumoja muzungu amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, mupelelezi anapima nyayo, mara Mwewa akazunguka ukuta akaniambia, "Mama anasema ni shemeji. Alileta zawadi bila sababu." Nikasema muambie mama avumilie, mupelelezi huyu amesoma. Tukaenda na mupelelezi mpaka mwisho, na nyayo zake na majivu yake ya sigara, na alikuwa shemeji. Mwewa akaja tena: "Mama anauliza kwa nini hakuwauliza wanawake wanaoteka maji." Mimi vitabu vya upelelezi navipenda kuliko vyote, naona vina akili, lakini tangu siku ile nikivisoma nasikia haya kidogo.

Hapa lazima nikueleze kwamba mama mukwe namusikia vizuri sana, ukuta ni matete tu, hata akimeza mate nasikia, lakini kusikia si kuambiwa, neno lake halijanifikia mpaka Mwewa azunguke aniletee, na langu vilevile. Siku moja Mwewa alikuwa ziwani anaosha vyungu, basi sisi wawili tukakaa tukimungoja apande aje kupeleka neno ambalo kila mutu alikwisha kulisikia, hata majirani. Alipofika alilipeleka.

Vitabu vya mizimu mimi sivipendi, naviogopa, navisoma haraka. Mama mukwe alinitumia neno kwamba mizimu ya wazungu haina kazi, mufu wa kwetu akirudi ana shauri, kuna kitu mumemukosea, lakini huyu anatembea tu ndani ya nyumba kubwa na mushumaa, anataka nini? Nilitafuta kitabu kizima, sikuona anataka nini. Vitabu vya safari za baharini nilivisifu sana, meli, dhoruba, mwishoni nchi yenye matunda na maji matamu na isiyo na mutu wa kudai kodi, yeye akamutuma Mwewa kuuliza kama ni hivyo kwa nini wanarudi kwao. Kuna kimoja cha mulevi anayeokoka, baba mukwe alitaka kisomwe kwa sauti kubwa sana, na hapo tu mimi na mama mukwe tulipatana moja kwa moja, kwamba kitabu ni kitamu mpaka pale mulevi anapookoka. Muzee Davison hatukumuambia.

Lakini mapenzi! Mapenzi siyawezi, Mama Mukuka. Vijana wawili wanalia kitabu kizima na hakuna anayepika. Mama mukwe naye akasema, "Hao hawana shangazi? Kwa shangazi mumoja tu maneno haya yote yangekwisha siku ya kwanza." Nikafurahi, nikafunga kitabu. Mwewa akarudi: "Mama anasema havina akili. Soma."

Sasa shida yenyewe. Kazi yangu ya ukwe ilikwisha mwaka jana, baba mukwe alisema niingishwe baada ya mavuno, mama mukwe akasema ni vizuri, ila kwanza kitabu kiishe, na kitabu kikikaribia kuisha Lackson anapiga honi barabarani ameleta kingine, na huyo mama mukwe anasema hatuwezi kuacha mutu katikati ya safari. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Mwewa aliniuliza, "Ulinioa mimi au ulimuoa mama?" Nikamujibu ukweli, kwamba yeye ndiye muke wangu, ila kwa mazungumzo ya vitabu hakuna ninayeweza kumulinganisha na mama yake. Hakufurahi.

Halafu kikaja kitabu hiki cha mwisho, ni cha mapenzi tena, musichana amefika njia panda, mwanaume anamungoja stesheni, na nyumbani nyanya yake anamushika nguo asiondoke. Mama mukwe akatuma neno kwamba abaki, mwanaume wa kungojea stesheni hii atangojea na stesheni nyingine. Mimi nikatuma kwamba aende au abaki, yote sawa, mradi aache kulia. Mwewa alikuwa na ndoo ya maji kichwani, akasimama pale kwenye kona ya ukuta, akasema, "Mimi naona huyu musichana amechoka." Nikamuuliza, hilo ni la mama? Akasema, "Hapana. Ni langu." Nikamuambia kwa upole, kweli ya Mungu kwa upole, asichanganye maneno, maana nikipokea yake na ya mama pamoja sitajua tena nani alisema nini. Akashusha ndoo chini. Akasema, "Awe, hapana. Kuanzia leo semeni wenyewe."

Tangu siku hiyo anapika, anafagia, ananisalimu asubuhi, lakini neno hapeleki hata moja. Kitabu kimebaki kurasa chache. Mama mukwe anakohoa upande ule, mimi nakohoa upande huu, basi. Tena Mwewa amesema mvua zikianza atapanda boti kwenda kwa shangazi yake Mununga, na mimi nikitaka nimufuate, na nikitaka nibaki nisome.

Naomba unijibu upesi. Je, mila inaruhusu kutafuta mutu mwingine wa kupeleka maneno? Nilimufikiria Lackson, lakini si ndugu, na kelele zake ni nyingi. Na kama mila hairuhusu, niseme nini Mwewa arudie kazi yake? Namupenda sana muke wangu, Mama Mukuka. Bila yeye sitajua kamwe mama mukwe anaonaje mwisho wa kitabu.

Ni mimi,
Jairos, Nchelenge

*

Jairos, mwanangu,

Sikucheka. Nilitaka, nikajizuia, maana ndani ya barua yako kuna mutu mumoja ambaye hacheki.

Kwanza pole. Kukaa miaka kwa watu usioweza kuwatazama si kazi ndogo, na kukuta nyuma ya matete mutu anayependa kitu unachopenda wewe ni bahati ambayo wakwe wengi hawaijui. Wengine mama mukwe wanamuombea safari ndefu. Juu ya shemeji mwenye zawadi, Bana Mwewa ana haki, hata mimi ningemushika palepale. Juu ya mizimu pia ana haki. Juu ya mapenzi mumekosea wote wawili.

Sasa nikugombeze. Najua unavyomuona mupelelezi, najua mama mukwe anavyoiona meli, najua hata siri yenu juu ya yule mulevi, na Mungu awasamehe. Nikatafuta Mwewa anaonaje. Nimemukuta anazunguka ukuta, nimemukuta anapanda kutoka ziwani na vyungu, nimemukuta amesimama kwenye kona na ndoo kichwani. Jairos, katika barua yako yote muke wako hajakaa chini hata mara moja! Vitabu vyote amevisikia, na kila neno juu ya kila kitabu amelisikia kwako, amelisikia kwa mama yake, na tena amelisema kwa kinywa chake kama mali ya watu. Siku alipotoa neno moja la kwake, ulimurudishia kama samaki aliyeingia katika kikapu kisicho chake. Halafu unaniuliza kama mila inaruhusu kutafuta mwingine! Mila haihusiki hapa. Wewe unaogopa kupoteza mutu wa kupeleka maneno, na huku unapoteza muke.

Tena neno lenyewe nimelipima. Wewe na mama yake mulibishana musichana aende au abaki, kana kwamba ni gunia. Mwewa peke yake alimutazama musichana mwenyewe. Ndiyo maana nasema mumekosea juu ya mapenzi. Wale vijana hawalii kwa kukosa shangazi, wanalia kwa sababu kila mutu ana maoni juu yao na hakuna anayewauliza. Ningekuwa na mutu wa kuzungumza naye vitabu hapa mujini, ningemuchagua Mwewa, na wewe ungengoja nje.

Najua gazeti hili utalisoma kwa sauti, huwezi kujizuia, kwa hiyo naongea na wewe pia, Bana Mwewa. Mimi na wewe hatuna ukwe, naweza kukuambia usoni. Mama, ulimujua yule shemeji kwa zawadi yake, na mimi nimekujua kwa ile "kitabu hakijaisha." Unaogopa siku utakayobaki na moshi na samaki, mutoto ameondoka, na sauti ya alasiri imeondoka naye. Ni uchungu, nami nimeozesha mabinti, naujua. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapa si lako, ni la mwanao. Pika hivyo vyakula. Muingishe mukwe wako. Kafutuma watu wanakwenda kwa miguu, utakwenda kuwatembelea, utakaa kwenye kiti kama mugeni wa heshima, atakusomea uso kwa uso, na akisema upuuzi utamuambia palepale kwamba ni upuuzi. Kwa miaka yote hii hujapata raha hiyo.

Wewe Jairos, fanya hivi. Kitabu kile kiweke, usikiguse. Kingsley akimaliza kucheka mutume kwa muzee Davison akaombe siku ya kuingishwa itajwe, na itajwe kabla ya mvua. Muambie Lackson asilete kitu chochote chenye kurasa mpaka muwe mumelala katika nyumba yenu. Siku ile ukiitwa ndani, neno lako la kwanza kwa mama mukwe lisiwe juu ya mupelelezi. Umushukuru kwa kukuzalia muke, kisha ule kila kilichopikwa.

Lakini hayo ni ya wiki zinazokuja. La leo ni moja tu. Muombe Mwewa akae, na wewe ukae chini yake kidogo, kwenye mukeka. Muulize yule musichana afanye nini. Usimukatize, usimusahihishe, na usithubutu kumuuliza neno hilo ni la nani. Akisema musichana aondoke, jua kwamba kitabu mumekwisha kukiacha nyuma, ukafunge mizigo. Akisema ni kwenda Mununga kwanza, panda boti pamoja naye, uache matete yakohoe yenyewe. Na akisema hataki kukuambia, una kazi kubwa kuliko ya nyavu, uianze leo.

Kama umefika hapa na bado unasoma kwa sauti, basi na yeye amesikia yote. Shusha gazeti, mutazame. Ni zamu yake kusema.

Mama Mukuka