Mkeka wa Watu wa Kwenu

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwamba mtu haanzi maneno na mkubwa wake bila kumwamkia, hata kama amemkasirikia. Na mimi nimekukasirikia. Tuanzie hapo, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Kesho ni arobaini yako. Hapa Utemini, tulikohamia kutoka Itigi, nyumba imejaa. Wanawake wako uani wanapepeta mtama, Upendo mjukuu wako yuko jikoni na macho mekundu, anasingizia moshi, na baba mkubwa ameshafika kutoka Ikungi, amekaa barazani na fimbo yake anaulizia chai. Kesho atasimama mbele ya watu kama alivyosimama siku ya mazishi, aulize tena watu wa kwenu wako wapi. Utaratibu wa ukoo wa baba unaujua. Mwanamke aliyeolewa hafukiwi mpaka ndugu zake wa kuzaliwa waitwe, wakae kwenye mkeka wao, watangulie kutia udongo. Siku ya kumaliza msiba wanakaa tena kwenye mkeka huohuo, wanakabidhiwa nguo zake. Umepika ugali kwenye misiba ya namna hiyo maisha yako yote, Mama. Hukujiuliza siku yako itakuwaje?

Maana ulituachia uongo. Nasema kwa heshima, lakini ni uongo. Itigi nzima ilikujua kama Mama Muha, binti wa Kigoma aliyeshuka kwenye treni akaolewa na kibarua wa reli. Mimi, mwanao wa pekee, ndiye niliyejua kwamba Kigoma ulipita tu. Uliniambia nikiwa na mimba ya Upendo, tunachambua maharage. Ulisema ulitoka Burundi ukiwa msichana, watu wa kwenu wameuawa, ukavuka na wengine ambao hukuwaona tena. Halafu ukanikamata mkono kwa nguvu.

"Usimwambie mtu," ulisema. "Hata nikifa. Watakuja kuwasumbua nyie."

Nikaapa. Na mkono wenyewe ulivyonibana, ningefanyaje?

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuelewa mambo ya stesheni. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama yangu hajui biashara. Treni ya kutoka Kigoma ikiingia, wenzako walikimbilia mabehewa yenye abiria wengi. Wewe ulipita dirisha kwa dirisha na chupa zako za asali, unawakazia watu macho, unawasemesha kwa lugha ambayo mimi niliiita Kiha. Mwingine alinunua, mwingine alikuona kichaa. Treni ya kurudi Kigoma ulikuwa hata huisogelei. Ulisimama na beseni kichwani mpaka behewa la mwisho lipotee kwenye vichaka, ndipo unasema, "Tumeuza, twende," na asali yote bado ipo. Niliudhika mno, Mama. Nilitaka viatu. Wewe ulikuwa unatafuta sura ya ndugu.

Nakumbuka pia walipokuja maafisa wa uhamiaji kuwauliza wachuuzi asili yao. Ulikaa kwenye kigoda chako ukawamwagia Kinyaturu cha ndani kabisa, kile cha bibi mzaa baba, mpaka mmoja wao, Mnyaturu wa kweli, akacheka akasema mama huyu anamshinda. Wakapita. Nilijivuna siku ile. Nyumbani ulikunywa maji vikombe kwa vikombe, na nilipokuuliza ukasema ni jua.

Sasa sikiliza kilichotokea ulipofariki. Baba mkubwa alisema Waha waitwe. Nikamwambia kwenu ni mbali, hawatawahi. Akasema basi atafutwe Muha yeyote aliyeko mjini, maana mkeka haukai mtupu mbele ya wageni. Vijana wakaingia sokoni, wakarudi na Baba Hadija, yule muuza dagaa wako. Mzee wa watu alifunga meza yake akaja na kanzu. Akakaa peke yake kwenye mkeka ule mpana. Watu wakaanza kunong'ona, marehemu Mkristo, kaka yake Mwislamu, imekaaje hii? Mwenyewe hakubabaika. Alisimama pembeni ya kaburi, akakusemesha kwa Kiha polepole, akatia udongo wa kwanza, akalia machozi ya kweli. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Wewe ungecheka.

Jioni yake nilimsindikiza barabarani, nikamshukuru. Nikataka kumwomba radhi kwa usumbufu, akanizuia.

"Mama yako hakuwa Muha," alisema. "Nilijua tangu aliponisalimia siku ya kwanza. Lakini mtu akikuita kaka, utamkatalia?"

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi. Miaka yote ile ya kukuuzia dagaa na kukuongezea, alijua, na wewe ulijua kwamba anajua, mkaendelea kuulizana habari za nyumbani kwa lugha mbili zinazosikilizana. Akaniambia kwamba kwenye arobaini atakuja tena. Nikitaka, atasema ulizaliwa kijijini kwao, atapokea nguo zako na mambo yataisha kimya. Nikitaka vingine, niamue mimi.

Ndiyo maana silali, Mama. Naogopa. Upendo ndiyo kwanza ameajiriwa, na nimewaona watu waliosumbuliwa kwa kuulizwa bibi yako alizaliwa wapi. Baba alikuwa wa hapa, mimi ni wa hapa, sina kosa lolote, lakini hofu yako niliinyonya na maziwa. Nikisikia gari limesimama nje, nachungulia dirishani kabla ya kufungua.

Na Upendo ananishinda. Wewe ndiye uliyemlea, ukamjaza habari. Ulikuwa unamwambia kwamba kwenu kila kilima ndicho kijiji, hakuna tambarare kama hapa, ukiliachia boga mlangoni linaviringika mpaka kwa jirani, na jirani anakula bila kuuliza. Alipokuuliza kilima chenu kinaitwaje ulimjibu utamwambia akikua. Amekua, Mama. Ana mshahara. Mimi mwenyewe mvi zimenijaa, na sikijui. Umeondoka nacho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kufa kila mtu anakufa, lakini jina la kilima lingekugharimu nini?

Juzi Upendo aliniambia, "Mama, tukinyamaza kesho, bibi atakuwa hajawahi kuzaliwa." Nikamfokea. Nikaenda kukaa na kanga yako, ile iliyoganda asali kwenye pindo, ambayo hata ikifuliwa haitoki. Nikakuona umesimama pale relini unaitazama treni mpaka inapotea. Ulikuwa peke yako, Mama. Mimi nilikuwa pembeni yako nanung'unikia viatu, lakini nilikuwepo. Kumbe ndugu uliyekuwa unamtafuta madirishani ulikuwa umemshika mkono.

Basi kiapo chako nakivunja. Kesho baba mkubwa akiuliza watu wa kwenu wako wapi, nitainuka kwenye upande wa ukoo wa baba, nitavuka ua mbele ya watu wote, nitakaa kwenye mkeka wenu. Najua mtoto ni wa ukoo wa baba yake na jambo hili halijawahi kufanyika. Atagonga fimbo yake. Agonge. Nimemwomba Baba Hadija akae nami, amekubali, amesema kaka hafukuzwi. Upendo atakaa kulia kwangu. Nitasema mama yangu alitoka Burundi, alikimbia akiwa mtoto wa watu, na aliyebaki katika watu wake ni mimi. Sauti ikinikatika, Upendo atamalizia. Nguo zako nitapokea mimi.

Kama hutaki, njoo uniambie kabla hawajatandika. Usipokuja, nitajua umekubali, au umechoka kuogopa.

Pumzika, Mama. Uliniita mwana wanje, yaani mwanangu, kila nilipoumwa, kwa lugha yako, ukidhani nimelala. Nilikuwa nasikia.

Ni mimi, mtu wa kwenu,

Mama Upendo