Maombi ya Shemasi Zacharie ndani ya husvagn ya Hortense

Wilkister, uko wapi? Natoka Tumba sasa hivi, bado natetemeka kwa kicheko!

Ile husvagn kuukuu, nyumba ya Kiswidi ya kuvutwa na pikapu, ambayo Zacharie alimuuzia Hortense. Imeoza, dada. IMEOZA! Chini ya zulia jekundu, mbao zimelainika kama mkate uliolowa chai.

Hortense alimwomba aichukue, amrudishie pesa zake. Akajibiwa, "Mama, si ulinunua kwa macho yako?" Kwa macho yako! Shemasi huyo!

Hortense hakubishana. Aliita kanisa zima waje kuiombea, kama tunavyoombea kila kitu kipya, na shemasi ndiye aongoze.

Tulipojaa, akamwonyesha zulia. "Piga magoti hapa, shemasi."

"Nitaombea hapa mlangoni, mama."

"Mlangoni? Kwani umekuja kudai kodi? Ingia!"

Mchungaji naye: "Ingia, ndugu, watu wanangoja."

Jasho lilimtiririka, na baridi yote ile! Akashusha goti moja polepole. Krrr! Likatoboa sakafu, mguu ukazama hadi pajani.

Hortense akafumba macho, akainua mikono. "Usiache, shemasi. Mwambie Mungu lini unakuja kuichukua."

Kanisa zima: "Amina!"