Mshale wa Joto

Jumatatu, 11 Januari 1926
Aibu tupu! Gari limezimika katikati ya mlima wa Cromford, Lady Averil akiwa ndani. Injini ilikuwa baridi — nilisahau kufunga vile vibao vya mbele ya rejeta, upepo wote ukaingia. Kasema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha: likizimika tena nitafute kazi kwingine. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda, na mke wangu Edie ana mimba ya miezi minane. Sitoki tena bandani kabla mshale wa joto haujafika sabini na tano.

Jumanne, 12 Januari
Barafu hadi ndani ya ndoo. Jana jioni nilimwaga maji yote ya rejeta yasije yakaganda na kuipasua. Vibao niliviacha wazi. Asubuhi nimevikuta vimefungwa. Nani? Ufunguo wa banda ninao mimi tu.

Jumatano, 13 Januari
Vimefungwa tena. Nimegusa boneti — vuguvugu! Na rejeta haina hata tone.

Nimemweleza Bi Hallam, mpishi. Akacheka. "Huyo mzee Wragg huyo, dereva wa kabla yako. Alikuwa hang'oki mpaka injini ichemke. Siku hiyo kafunga milango ya banda ati joto lisitoke, injini inanguruma. Tukamkuta kakaa kwenye usukani, mashavu mekundu kama katoka kilabuni. Daktari akasema ni moshi." Kisha akaacha kucheka. "Milango yako iache wazi, Purdy. Unanisikia?"

Nilijua nimeshika nafasi ya marehemu. Hakuna aliyeniambia kwamba alifia kwenye kiti changu. Naogopa.

Alhamisi, 14 Januari
Milango wazi, mshale umegoma hamsini. Wenzo wa vibao, huu ulio kando ya usukani, ukasogea wenyewe. Taratibu, mpaka mwisho. Vibao vikafunga, mshale ukaanza kupanda.

Sikuurudisha. Ulikuwa unanifanyia kazi yangu.

Ijumaa, 15 Januari
Bakewell na kurudi, gari halikukohoa hata mara moja. Lady Averil akishuka: "Purdy, umeanza kuendesha kama Wragg." Alikuwa ananisifu. Nikashukuru.

Edie sijamwambia kitu.

Jumamosi, 16 Januari
Saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne tunapanda Buxton kwa dada yake Lady Averil, mlima mbaya kuliko wa Cromford. Theluji inapeperuka hadi bandani. Nimewasha injini, nimo kwenye kiti, naandika gotini.

Arobaini. Haupandi.

Hamsini na tano — sasa unakimbia. Kichwa kinagonga kidogo. Usingizi. Jana sikulala vizuri.

Nashangaa upepo umetulia. Nimeinua macho: milango imefungwa, na komeo limetiwa. Niliifungua mwenyewe, naapa, yote miwili! Nashuka kuifungua.

Miguu haitaki. Nitashuka nikimaliza mstari huu.

Bi Hallam ananiita toka uani, anagonga mbao za mlango: Lady Averil yuko ngazini, kashavaa, unangoja nini wewe?

Sabini. Nimetaka kumjibu. Lakini huyu aliyekaa kando yangu kanishika mkono — mkono wake una joto zuri — anasema tusiwe na haraka, bado tano tu