Lori Lililozaliwa Baada ya Mafuriko

Shangazi Tanne mpendwa,

Nisaidie kabla ya tarehe mosi Februari, maana nimejitia matatani kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni Krijn, dereva mstaafu wa hapa Zeeland, pwani ya Uholanzi, nina miaka sitini na tisa, na kila Jumamosi tunakutana wazee saba wa klabu ya malori ya zamani, tunakunywa kahawa na kula bolus, vile vikate vyetu vya sukari na mdalasini, na watu wanatuletea picha za zamani tuwaambie lori ni aina gani na la mwaka gani, na sisemi kwa majivuno ila ndivyo ilivyo, kwa miaka thelathini sijakosea, nionyeshe nusu ya taa au pembe moja ya bodi tu nitakutajia kiwanda na mwaka.

Sasa mwezi uliopita akaja mama mmoja, nimwite Bi Leuntje, jina si lake, ana miaka sabini na sita, ameshika picha aliyoikuta kwenye kisanduku cha cherehani cha mama yake baada ya mazishi. Pichani yuko mwanamume amesimama kando ya lori, anacheka.

"Huyu ni baba yangu," akaniambia. "Alichukuliwa na mafuriko ya mwaka hamsini na tatu, mwili haukuonekana. Sina picha yake nyingine. Nataka tu kujua alikuwa anaendesha lori gani."

Shangazi, sikuhitaji hata kioo cha kukuzia. Lilikuwa DAF 2600, na lori hilo lilitoka mwaka sitini na mbili, miaka tisa baada ya baba yake kufa! Nikamtazama yule mama, amevaa koti lake la kanisani kwa ajili ya kutuletea picha tu, ulimi ukanitangulia, nikamwambia, "La mwaka hamsini na moja, mama. Zuri sana." Akalia kwa furaha, akanishika mkono, na sasa ameikuza picha ile ili aitundike kwenye ukumbi wa kanisa siku ya kumbukumbu ya mafuriko, hiyo tarehe mosi, pamoja na picha za marehemu wengine, na chini yake ameandika mwaka niliomtajia.

Rafiki yangu Huib ameshaiona. "Krijn, hamsini na moja? Hata paka wangu anajua hilo ni la sitini na kitu! Macho yako yamekwenda likizo?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nilipomvuta pembeni nikamweleza, akasema, "Basi nyamaza, mwache mama wa watu na amani yake." Mke wangu anasema hivyo hivyo. Lakini ukumbi ule utajaa watu, na nusu yao wanayajua malori kama mimi. Nimwombe asiitundike? Nijifanye nilikosea? Sijalala vizuri tangu siku ile.

Krijn, Zeeland

Krijn kaka yangu,

Moyo wako ni mzuri, na wengi tungeropoka vivyo hivyo. Haya, sasa nikukaripie.

Bi Leuntje hakuja kwako kutafuta faraja. Alikuja na swali, ukampa peremende kama mtoto. Mtu wa miaka sabini na sita! Amezika mama yake, amekua bila baba, nawe ukaamua hawezi kubeba tarehe ya lori. Tena umeniandikia kicheko cha Huib neno kwa neno, lakini hukuandika hata mstari mmoja juu ya atakavyojisikia huyo mama pale mtu asiyemjua atakapomsahihisha mbele ya kanisa zima.

Na kumbuka, wewe unajua malori, hujui sura za watu. Huenda ni baba yake, huenda ni mjomba wake. Kwa hiyo usiende kumwambia kwamba baba alimtoroka. Mwambie mwaka wa lori, basi.

Nenda kesho mchana, nyumbani kwake. Piga simu kwanza, omba binti yake, kama anaye, awepo. Huib abaki kwake. Anza kwa kusema "nilikudanganya". Ukisema "nilikosea" utakuwa umeongeza uongo wa pili. Kisha funga mdomo, mwache aulize.

Nyongeza: Krijn alikwenda. Alinipigia Alhamisi, na Bi Leuntje mwenyewe ameruhusu haya yachapishwe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Binti ndiye aliyefoka: "Umekuja kumtonesha mama yangu kidonda?"

"Nyamaza, Neeltje." Mama akaipeleka picha dirishani, akaitazama muda mrefu. "Ni yeye. Sikio hili ninalo mimi." Kisha akasema, "Na mama yangu alijua. Miaka yote hiyo, alijua."

Akaketi tena, picha mapajani.

"Tangu nina miaka minne namwota baba yangu yuko chini ya maji," akasema. "Kumbe alikuwa nchi kavu, anacheka."

Akaiondoa picha kwenye fremu aliyoitengeneza kwa ajili ya ukumbi. Krijn akainuka, akaomba radhi tena.

"Nenda sasa," akamwambia. "Nina hasira, na bado sijajua ni ya nani. Rudi Jumatatu, unieleze lori hilo lilikuwa linapita njia zipi."

Krijn, Jumatatu urudi kweli. Na akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui.