Dira Juu ya Bua la Mahindi

Mama Neema,

Natumai mvua imefika Voi na nyote hamjambo. Mimi ni mzima. Hapa Migori jioni mwenzangu ni redio ya nyumba ya wageni tu, basi leo nilikaa shuleni muda mrefu kuliko habari ninayoiandikia gazeti ilivyohitaji.

Wanafunzi wawili, Chacha na Akinyi, wametengeneza roboti ya kupeleka kwenye mashindano ya sayansi Homa Bay kesho. Mwalimu alishasema isipoweza kwenda moja kwa moja, itabaki. Chacha alikuwa ameunganisha dira ya umeme na bodi inayoongoza magurudumu, lakini roboti ikawa inazunguka papo hapo.

"Dira yako imelewa," Akinyi akamwambia. "Umeifunga juu ya mota. Sumaku ya mota inaivuta, wewe."

Wakaipandisha juu ya bua la mahindi, wakaunga nyaya upya, na roboti ikanyoosha njia hadi ukutani.

"Haya, itieni kwa boksi," mwalimu akasema.

"Ngoja kidogo, mwalimu. Mzee, kwenu Voi ni upande gani?" Chacha akaniuliza.

Nikanyoosha kidole. Akinyi akacheka. "Huko ni ziwani, mzee."

Akautafuta upande wenyewe kwenye ramani, na Chacha akazungusha kitufe cha uelekeo. Roboti ikageuka, ikaenda mpaka kwenye mlango uliofungwa, ikabaki inausukuma. Niliwaomba wasiizime kwanza.

Wasalimie watoto. Jumapili usitie komeo mlangoni.

Baba Neema