Tzipora Kanyamaza

Jumanne, 6 Februari 2024
Simu kutoka Gaza, hatimaye. Tala hayupo tena. Mjukuu wa dada yangu, miaka tisa. Nyumba imeangushwa juu yao. Dada mwenyewe yuko hai. Rawan, binti yangu, ameshapanga viti sebuleni na kuchemsha kahawa chungu. Matanga huku Haifa, kaburi kule.

Jumatano, 7 Februari
Watu wamejaa. Halafu — nani mlangoni? Tzipora wa ghorofa ya chini! Jirani yangu wa miaka nenda rudi, yeye Myahudi, mimi Mwarabu, na mdomo wake haujawahi kupoa. Huyu hugombana na lifti. Hugombana na paka! Leo kaketi mbele yangu, kimya. Hata pole hakuna! Rawan anammiminia kahawa, naye hajui kutikisa kikombe kuonyesha katosheka, basi anaongezwa tu, anaongezwa tu, macho yamemtoka kama mjusi kabanwa na mlango. Kisha akanyanyuka, huyoo, akaenda zake.

Shangazi Samira akasema si ajabu, mjukuu wa Tzipora, Itamar, si yuko huko huko Gaza na bunduki, na jeshi?

Nimeumia. Sikutaka hotuba. Neno moja tu.

Ijumaa, 9 Februari
Nimekutana naye kwenye ngazi, nimempita kama nguzo. Akafungua mdomo — nikafunga mlango. Safi!

(Nimejisikia vibaya mpaka jioni.)

Jumamosi, 10 Februari
Rawan kanicheka mpaka kakaa chini. Ni muuguzi, anafanya kazi na Wayahudi, mila zao anazijua. Kwao, anasema, anayekwenda kuhani msiba hasemi kitu mpaka mfiwa aanze. Tzipora alikuwa ananingoja mimi! Na mimi nilikuwa namngoja yeye!

Nikamwuliza, je, Oktoba ile ya shambulio, mpwa wa Tzipora alipouawa kule kusini? Mimi nilianza kulia na kutoa pole tangu kwenye ngazi. Rawan akasema ndiyo, Mama, na alikuvumilia. Loo! Maneno yote yale anayonimwagia kila siku, hilo moja lilimshinda nini kunieleza?

Jumapili, 11 Februari
Nimemgongea mwenyewe. "Panda, shoga, kahawa ipo." Kaja na keki, mdomo kautia kufuli. Safari hii nikaanza mimi. Nikamwambia aliitwa Tala. Hapendi bamia, anazificha chini ya wali, anadhani bibi yake haoni. Basi Tzipora akalia, pole zikamtoka zote kwa mpigo, za Kiarabu na za Kiebrania. Nikamshika mkono. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, yamekwisha.

Yamekwisha wapi! Kafuta macho, kauliza: "Dada yako anakaa wapi hasa?"

"Khan Yunis."

Kanyamaza. Si kama siku ile ya matanga. Akatazama mikono yake, kisha akasema, taratibu: "Itamar alikuwa Khan Yunis wiki ile."

Nimekimbilia jikoni, nasingizia kahawa. Ndipo ninapoandika. Birika limechemka limemwagika, sijazima jiko. Tzipora hajaondoka. Namsikia anasogeza kiti, anakirudisha. Kwao mfiwa ndiye huanza. Kwetu mgeni. Hili la leo, sijui aanze nani —