Tunaomba Mke Saa Kumi Kamili

Bi Badria mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana kunigombeza utanigombeza tu, nakusoma kila Jumamosi kazini kwenye gazeti la bosi na ulimi wako naujua, lakini mimi tangu juzi Jumatatu situlii, nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, chai inapoa mbele yangu siinywi, na hapa ninapokuandikia nimeshachana karatasi mbili.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji huku Msimbazi, tunachapa kadi, kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya maduka ya Kariakoo. Kazi yangu ni kompyuta. Mteja analeta faili kwenye flashi au analituma kwa WhatsApp, mimi nalifungua, nalikagua, nalipanga, halafu linaenda kwa Mzee Shomari anayetengeneza pleti, yale mabati membamba yanayofungwa kwenye mashine ya kuchapia. Huyu Mzee Shomari ana miaka ishirini na mbili pale, ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia sijui hili wala lile, na mpaka leo ananiita mwanangu mbele za watu.

Sasa wiki mbili zilizopita ikaletwa kadi ya harusi. Bwana harusi anaitwa Muhiddin, muuza vitambaa, mtu wa miaka arobaini na sita ambaye posa zake mbili zilishavunjika na mtaa mzima unajua, kwa hiyo alipompata Zeina wake mama yake alikuja kuagiza kadi anacheka peke yake. Kadi yenyewe aliichora mpwa wao huko Posta akanitumia kwa WhatsApp, kwa maandishi ya kurembaremba, yale ambayo f na i zikikutana zinashikana zinakuwa herufi moja. Nilipofungua ile PDF likaja dirisha la onyo kwamba fonti haimo ndani ya faili na kompyuta yangu haina, je iweke nyingine? Bi Badria, dirisha hilo linakuja mara kumi kwa siku, tunalifukuza kama nzi. Nikabonyeza ndiyo.

Kompyuta ikaweka fonti inayofanana na ile, ila yenyewe haina hiyo f na i iliyoshikana, basi kila penye "fi" ikaacha kauwazi kadogo ambako jicho halikaoni. Nikaangalia majina, tarehe, namba za simu za kamati, yote sawa. Sikusoma ule mstari wa chini ambao kila kadi inao na hakuna anayeusoma, "Tunaomba mfike saa kumi kamili alasiri." Umeshaelewa? Toa fi hapo. Kadi mia nne zimetoka kiwandani kwetu zinasema "Tunaomba mke saa kumi kamili alasiri."

Watu walicheka jamani! Picha ya kadi ikazunguka kwenye magrupu, mmoja akaandika mwenye mke wa ziada awahi kabla mlango haujafungwa, mwingine akamshauri Muhiddin aende Mchikichini asubuhi wakati wanafungua marobota ya mitumba akachague mapema. Ami yake Zeina, Mzee Abdulkadiri, akaja na kadi mkononi anauliza kama binti yao si mke, kwa nini wenzao bado wanaomba. Mama Muhiddin akakaa pale mapokezi na boksi la kadi mapajani analia kwa sauti. Bosi wetu, Abdulhamid, akaomba radhi, akaahidi nyingine siku ileile, tukazichapa upya, na harusi iko palepale. Ingeishia hapo nisingekuandikia.

Ila Jumatatu hiyo, bosi alipokuwa bado chini anambembeleza yule mama, mimi juu nilishamwomba mpwa wao fonti, nikaipakia, nikalifungua faili upya likatoka vizuri, nikalihifadhi juu ya lile bovu. Bosi akapanda ngazi, akauliza, "Nani ameharibu hii?" Nikamwambia, "Hapa kwangu iko sawa bosi, njoo uone." Akaja, akaona mfike, imekaa vizuri kabisa. Bosi kiwanda kakirithi kwa baba yake, anajua kuuza, hajui kwamba pleti haiwezi kumeza herufi mbili tu ikaacha nyingine. Akamgeukia Mzee Shomari. "Ni macho yako, mzee. Nimekwambia mara ngapi ukapime macho?" Mzee Shomari akanitazama, akavua miwani, akaifuta na shati, akasema, "Pengine ni macho, bosi." Akaambiwa atoe pleti mpya, kisha aende nyumbani asirudi. Jumatatu ijayo anaanza mtu mwingine.

Jioni yake akanipigia simu. Akanisalimia vizuri tu, akaniuliza watoto, halafu akasema, "Hivi mwanangu, lile dirisha lilikuja?" Nikajibu, "Halikuja, mzee." Akasema, "Haya. Ukitoka usisahau kuzima stebilaiza, mvua hizi." Akakata.

Bi Badria, nina watoto wawili na mama ananitegemea, na bosi ameniweka kuwa mkuu wa chumba cha kompyuta huu ni mwezi wa tatu tu. Nikisema nafukuzwa. Kasmir, mwenzetu wa mashine ya kukatia karatasi, ndiye pekee niliyemwambia, anasema ninyamaze, mzee mwenyewe kashachoka, angestaafu tu. Mimi nimewaza nimtafutie mzee kazi kwingine kimyakimya, kuna kiwanda mtaa wa pili nafahamiana na mtu, nitakuwa nimemsaidia na mimi nimebaki. Je, nitakuwa nimekosea? Nisaidie, sipati usingizi wala sipati kuamka vizuri.

Nisiyetulia, Msimbazi

*

Marahaba. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa kaa chini, na ukae kweli.

Kubonyeza lile dirisha ni uzembe, si zaidi ya hapo. Nilimsomea barua yako Eliakimu, anayepanga kurasa za gazeti hili, akacheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka akakiri kwamba naye hulibonyeza bila kusoma. Mama Muhiddin naye atakusamehe siku atakayompakata mjukuu. Hilo liweke kando.

Lakini lile la pili usiniambie ulibabaika. Mtu aliyebabaika hatafuti fonti. Ulimpigia mpwa wa watu, ukasubiri, ukapakia, ukafungua, ukahifadhi, na kilio cha yule mama unakisikia kutoka chini. Ulikuwa unafuta nyayo zako, mwanangu, na ulizifuta juu ya jina la mzee aliyekufundisha kazi. Nimekasirika, sitakuficha.

Na unajua nini? Mzee Shomari anajua. Wewe unaniambia bosi haelewi kwamba pleti haimezi herufi mbili. Na mtu wa miaka ishirini na mbili kwenye pleti naye haelewi? Mtu asiyejua hapigi simu kuuliza habari za dirisha. Alikuona umesimama pale, akaona hali yako, akakubali kuitwa kipofu mbele ya watu. Halafu akakupigia faraghani akupe nafasi ya kusema neno moja tu. Ukamdanganya, naye akakuagiza uzime stebilaiza. Hapo, nikiri, nilivua miwani yangu nami nikalia.

Habari ya kumtafutia kazi kimyakimya iache kabisa. Nani atamchukua fundi wa pleti aliyefukuzwa kwa macho? Na hata akichukuliwa, utakuwa umempa riziki na kumnyima jina, kisha unajipongeza. Kasmir naye mwambie abaki na mashine yake ya kukata, ushauri si kazi yake.

Fanya hivi. Ingia kwa Abdulhamid peke yako, si kwa ujumbe wa simu, si kwa kumtuma mtu. Mwambie onyo lilikuja ukalibonyeza, kisha ukabadilisha faili ili asikuone. Usianze na watoto wako. Watoto utawataja akikuuliza unaishije. Hataelewa kwa maneno, kwa hiyo mwonyeshe. Faili la kwanza bado liko kwenye WhatsApp, pale pale mpwa alipokutumia. Lifungue mbele ya bosi kwenye kompyuta ambayo haina hiyo fonti, amwone mke akitokea kwa macho yake. Hapo hahitaji kuwa fundi. Ukitoka hapo nenda kwa Mzee Shomari, nyumbani, mchana kweupe, mkewe akiwepo, maana na yeye ameambiwa mumewe haoni.

Huenda ukafukuzwa. Siwezi kukuahidi vinginevyo, na watoto wako nimewawaza kabla sijaandika mstari huu. Lakini ufundi wako utatoka nawe, hakuna anayeubakiza getini. Popote utakapokaa kwenye kompyuta, mteja akikuletea faili lisilo na fonti zake ndani, mrudishie azifungie humo, au maandishi ayageuze yawe michoro kabla hajakutumia. Kisha chapa nakala moja, mkalishe mtu mbele yako, umsomee kwa sauti kila mstari, hata ule ambao hakuna anayeusoma.

Na mwisho, nikuambie ukweli kuhusu barua yako. Majina yote nimeyabadilisha, ila kadi ile nimeshindwa kuibadilisha, na Kariakoo nzima wanaijua. Atakayesoma habari za kuomba mke saa kumi hana haja ya kuuliza ni kiwanda gani wala nani anakaa kwenye kompyuta. Nadhani ulilijua hilo ulipoituma. Ulitaka iwe imeshasemwa bila wewe kufungua mdomo, na mimi kukusemea sitaki, kwa sababu Mzee Shomari anastahili kulisikia kutoka kwako. Leo ni Jumamosi na mko kazini. Bosi wako naye hakosi gazeti mezani. Wanaume wa rika lake huanzia kurasa za michezo, kwa hiyo una kama robo saa kabla hajafika ukurasa huu.

Nyanyuka.